Barua kwa binti yangu kuhusu homoni na foleni ya kliniki

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Umeniarifu kwamba umechoka kusubiri kliniki ya jinsia ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na kwamba unafikiria kuanza homoni za kuufanya mwili wako uwe wa kike kwa daktari wa kulipia. Sikulaumu hata kidogo. Kwa maandishi, mgonjwa wa Uingereza ana haki ya kuanza matibabu ndani ya wiki 18 tangu apewe rufaa, ilhali katika kliniki za jinsia watu wazima husubiri kwa miaka kabla ya kuonwa hata mara ya kwanza.

Ninalokuomba ni kwamba, hata ukilipa, usijitenge na GP wako, yaani daktari wako wa kawaida wa NHS. Kabla ya kutoa pauni moja, muulize kama atakubali matunzo ya pamoja, yaani bingwa wa kliniki ya kulipia aamue dawa na kipimo chake, naye GP akuandikie dawa hizo na kukupima damu. Halazimiki kukubali, na wapo wanaokubali kisha wakajitoa. Akikubali, kila dawa utailipia pauni 9.90 kama wagonjwa wengine wanaolipia dawa za NHS. Akikataa, dawa, vipimo na miadi vyote vitakuwa juu ya mshahara wako, na gharama hiyo haina mwisho wa karibu. Jina lako nalo libaki kwenye foleni ya NHS, kwa kuwa siku fedha zikipungua hutataka kuanza upya mkiani.

Jina la daktari litafute katika rejesta ya Baraza Kuu la Tiba, na kliniki yenyewe katika orodha ya Tume ya Ubora wa Huduma, ambayo haikagui kliniki zilizoko nje ya nchi hata kama zinakuhudumia kwa simu ukiwa chumbani kwako. Homoni za kuagiza mtandaoni bila daktari naomba usiziguse. Najua wanaozitumia wamesukumwa na foleni hiyohiyo, na siwahukumu, lakini nimefanya kazi ya uuguzi muda mrefu na ninajua thamani ya kupimwa damu kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza.

Estrojeni, yaani homoni ya kike, ya kumeza ina hatari kubwa zaidi ya kugandisha damu mishipani kuliko ya kubandika ngozini au ya jeli. Unajua yaliyompata shangazi yako mguuni, kwa hiyo mweleze daktari bila kuficha, na sigara uiache kabla ya kuanza. Akikuandikia siproteroni, dawa ya kuzuia testosteroni, yaani homoni ya kiume, muulize kwa nini ameichagua na kwa kipimo gani, kwa sababu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu uvimbe wa utando wa ubongo, hasa kwa vipimo vikubwa vya muda mrefu.

Hili la mwisho ni zito kwa mama kumwandikia mwanawe, lakini homoni zinaweza kuondoa uwezo wa kuzaa, na mbegu huhifadhiwa kabla ya kuanza dawa. Uamuzi ni wako. Sitakuuliza kuhusu wajukuu.

Baba yako na mimi tumetenga fedha za miadi ya kwanza. Nitazituma mara GP atakapokujibu kwa maandishi, na akikataa nipigie simu tutafute mwingine anayekubali.

Akupendaye,
Mama