Barua kwa Swaleh: mkojo, jezi ya manjano na hesabu za wati

Mombasa, 21 Julai 2015

Kwako ndugu yangu Swaleh,

Asalaam aleikum. Idi Mubarak, japo imeshapoa. Sisi huku wazima. Mama amenituma nikusalimu, na nikuulize kama hizo simu za Maskati huwa zinapokea tu au pia zinapiga. Nimekutetea kidogo, si sana. Zuhura kajifungua, mtoto wa kike. Bakari Mrefu bado ni yuleyule, na deni lake bado ni lilelile. Haya, salamu zimetosha, nina neno nawe.

Ule ujumbe wako wa Jumamosi kuhusu Froome, mwendesha baisikeli wetu wa Nairobi anayeongoza Tour de France. "Mtu wenu kamwagiwa mkojo, haki yake." Umekaa kimya Ramadhani nzima, halafu kinywa ukakifungulia hapo! Ningekujibu papo hapo lakini ningekutukana, na ilikuwa Idi. Leo ni siku yao ya mapumziko, hakuna mbio, nami nimefunga duka mapema. Kwa hiyo kaa kitako.

Jumamosi tulikuwa kwa Mzee Kassim, kwenye dishi. Tulianza kumbembeleza bimkubwa wake tangu mchana atuachie televisheni, maana tamthilia yake inaanza saa ileile wanapofika milimani. Hatua ya 14, Rodez hadi Mende, siku ya Mandela. Wafaransa wawili wametangulia, Pinot na Bardet, wanategeana, kila mmoja anamwangalia mwenzake jicho la pembeni. Kumbe nyuma yao kuna Steve Cummings. Akawafikia kule juu karibu na uwanja wa ndege, wala hakupumzika nyuma yao, akapita moja kwa moja, wao wakabaki kutazamana. MTN-Qhubeka, Swaleh! Timu ya Afrika inaingia Tour de France mara ya kwanza, inashinda siku ya Mandela. Najua Cummings ni Mwingereza, usinianze. Lakini Daniel Teklehaimanot si Mwingereza, na huyo alishaivaa jezi ya madoadoa mekundu ya mfalme wa milima, Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa. Siku hiyo Mzee Kassim alisimama, na miguu yake ile unaijua.

Basi tuko katika furaha hiyo, haluwa mkononi, ndipo tukasikia Froome anahojiwa anasema kuna mtu kando ya njia alimrushia kikombe cha mkojo na kumpigia kelele kwamba anatumia dawa. Mwenzake Porte naye alikuwa amesema kapigwa ngumi mlimani. Baraza zima likanyamaza. Kisha simu yangu ikalia: wewe.

Sasa sikiliza. Sikuapii kwamba Froome ni msafi. Ningekuwa mpumbavu, baada ya tuliyoyaona. Wewe na mimi tulimlilia Armstrong, bingwa wa Tour wa zama zile, tulipinga watu wazima kwa ajili yake, tukisema amepimwa mara ngapi na hajashikwa hata mara moja. Naye mwenyewe ndiye aliyekuja kukaa kwenye kiti, Januari ya 2013, akakiri kwamba alitumia dawa. Mataji yake 7 ya Tour yakawa yameshafutwa. Kwa hiyo ukiniambia "kutoshikwa si usafi," nakubali, hatuna ugomvi hapo. Ugomvi wetu ni kwamba wewe umeruka kutoka hapo mpaka kwenye mkojo, na katikati hujapita popote.

Hebu tuangalie ushahidi wenyewe. Tarehe 14 Julai, sikukuu yao Wafaransa, mlima wa kwanza mkubwa, La Pierre-Saint-Martin. Froome akaondoka, mpinzani wake Quintana akabaki nyuma zaidi ya dakika moja, wengine sitaji. Jioni hiyohiyo maneno yakaanza. Mmoja wa waliotia shaka kwenye televisheni ya Ufaransa ni Jalabert, mwendesha baisikeli wa zamani, ambaye sampuli zake za 1998 zilipopimwa upya zilionekana na EPO, ile dawa ya kuongeza damu. Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia. Halafu juzi Jumapili, France 2 wakamleta mtaalamu akapiga hesabu ya nguvu ya Froome mlimani kwa kutazama picha: wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili. Maana yake, kwa wanaojua, huyu si binadamu, ni pikipiki.

Na leo timu yake ya Sky nao wametoa hesabu yao. Nimeisoma kwenye simu, nikaandika nyuma ya risiti, nikapiga mwenyewe, maana hesabu ya kuletewa siiamini. Wanasema alipanda kilomita 15.3 kwa dakika 41 na sekunde 28, mashine yake ikasoma wastani wa wati 414. Uzito wake kilo 67.5. Ukigawanya unapata 6.13. Lakini gia yake ya mbele si duara, imevutwa kama yai, na mashine ikifungwa kwenye gia ya namna hiyo husoma zaidi, wao wanasema kama asilimia 6. Ondoa hiyo asilimia 6, unafika 5.78 yao, au karibu. Hiyo ni nguvu ya mtu mkali sana, lakini mtu. Na unajua yule mtaalamu wa televisheni alitumia uzito gani? Kilo 71. Kwa hiyo hata kilo za mtu mwenyewe hawakubaliani!

Unaona tulipo? Mzani wa kwanza ni wa mnunuzi anayetaka samaki awe mwepesi, wa pili ni wa mvuvi mwenyewe. Mimi siuamini hata mmoja. Hesabu ya kutazama picha haijui upepo ulivuma wapi wala mtu alikula nini. Hesabu ya Sky imetoka kwa Sky, wameichagua wao, siku waliyoitaka wao, baada ya kubanwa. Wangetoa za miaka yote, mtu akae nazo, hapo tungeongea. Wametoa dakika 41.

Nawe utasema, lakini mbona alikosa kupimwa? Ndiyo, mwezi uliopita alisema mwenyewe: wapimaji walikwenda hotelini Italia, watu wa hotelini wakakataa kumwamsha mgeni wao. Na hiyo ni mara ya pili katika maisha yake ya mbio. Hapo hata mimi nilikuna kichwa. Mtu mwenye gari la timu na mpishi wake, anashindwa kuwaambia mapokezi kwamba wakija watu wenye vichupa wawapandishe juu? Siipendi hiyo. Na vidonge vya pumu alivyomeza kwenye mbio za Romandie mwaka jana, vyenye kibali, hivyo pia sivipendi, kibali au hakuna kibali.

Lakini kuna moja linalonikera kuliko yote, nalo ni kichocho. Umesoma wanavyokicheka? Froome anasema alikaa na kichocho mwilini na hakujua mpaka mwishoni mwa 2010, ndiyo maana alikuwa anang'ara leo, kesho anazimika. Watu wa Ulaya wanaona ni kisa cha kutungwa: ugonjwa wenye jina la ajabu, umetoka Afrika, unapotea tu, na mtu anakuwa bingwa. Sisi tuliokulia huku tukikatazwa kuogelea kwenye mabwawa tunajua mtoto mwenye kichocho anavyokuwa, anavyosinzia darasani, mkojo unavyokuja na damu. Sisemi kichocho kinaeleza kila kitu. Mtu kutibiwa si sababu ya kushika nafasi ya pili Vuelta, mbio za Hispania, ya 2011 ghafla bin vuu. Ila kucheka kichocho, hapana. Hapo wananikuta.

Na utaniambia "mtu wenu". Wetu tangu lini? Alipokuwa anakwenda kwa mkufunzi wake Kinjah, Kikuyu, kijana mwembamba wa Karen anakimbizana na watoto wa kijiji, nani alimjua? Mwaka 2006 alijisajili mwenyewe kwenye mashindano ya dunia ya vijana Salzburg, kwa kutumia barua pepe ya chama cha baisikeli cha Kenya, akijifanya ndiye kiongozi wa chama! Akafika, akaanza mbio, akamgonga mwamuzi. Hicho ndicho kisa cha Kikenya kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na hapo ndipo alipokuwa wetu kweli. Wakamwacha akaenda kwa Waingereza 2008. Sasa akishinda magazeti yetu yanaandika "mzaliwa wa Nairobi", akishukiwa wanaandika "Mwingereza". Wiki hii nadhani hawataandika lolote, Ijumaa Obama anakuja na Nairobi wako kwenye kupanda nyasi.

Swali langu kwa aliyemwaga mkojo, nawe uliyemwitikia amina: mbona Valverde hakumwagiwa? Amefungiwa, amemaliza kifungo, yuko kwenye mbio hizihizi, anapigiwa makofi. Contador alinyang'anywa Tour ya 2010, anapigiwa makofi. Vinokourov alishikwa 2007 kwa damu ya kuongezewa, leo ndiye bosi wa timu ya Astana, anapita na gari lake, watu wanampungia mkono. Aliyepatikana na hatia anapungiwa, asiyepatikana anamwagiwa. Nieleze hiyo sheria.

Nadhani najua jibu lako. Utasema waliodanganywa huwa hawamlipizi aliyewadanganya, wanamlipiza anayefuata. Labda. Wala sina uhakika kwamba mimi si mmoja wao. Tangu Januari walipomfungia Rita Jeptoo miaka miwili, EPO, sitazami marathoni kama zamani. Boston mwaka jana nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa mtu wetu akichomoka kilomita za mwisho, kitu cha kwanza kinachonijia si furaha. Na mwezi ujao ni mashindano ya dunia ya riadha, Beijing. Sijui nitatazama vipi.

Ngoja nikupe kilichonifanya hasa nishike kalamu, maana ujumbe wako peke yake ningeumeza. Unamkumbuka Kombo, mdogo wake Rama? Amekua, anakuja dukani baada ya shule, ananisaidia kuziba pancha na kunyoosha ringi. Ana miguu huyo mtoto. Nilimpeleka Mazeras asubuhi ya Jumapili, ule mlima wetu wa malori, akaniacha kwenye kona ya pili akiwa amevaa patipati, kwenye baisikeli yenye breki moja. Jumapili jioni akasikia maneno ya kwenye televisheni, EPO hii, EPO ile. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza: ni dawa ya wagonjwa wa figo, inauamsha mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi, damu inabeba hewa zaidi, miguu haichoki upesi, ila damu inakuwa nzito, na wapo waliokufa. Nikajiandaa aulize, "kwani wote wanatumia?" Jibu nilikuwa nalo.

Akauliza, "Sindano yake inauma?"

Swaleh, nilikuwa nimeshika spana, nikaendelea kukaza nati ambayo tayari imekaza. Nikamwambia sijui. Akaitikia tu, akarudi kwenye beseni lake la maji kutafuta tobo la tyubu. Tangu siku hiyo nawaza ningemwambia nini. Ningemwambia "utashikwa", na yeye amesikia kwa masikio yake kwamba walioshikwa wamerudi na wanapigiwa makofi. Nikimwambia "ni haramu", ataniitikia naam, na naam zake nazijua. Ningesema "Froome hatumii, na angalia alipofika," lakini ndiyo hiyo sasa, sikuapii.

Haya, nakuuliza, na unijibu kwa barua, si kwa ujumbe wa mstari mmoja. Wewe ulimwona Froome kwa macho yako kule Jabal Akhdhar, mwaka jana aliposhinda Tour ya Oman. Ulisimama umbali gani? Alikuwa anahema vipi? Mdomo wazi, au ndivyo wanavyosema, kama aliyetoka kuoga? Ulikuwa unamwamini siku ile? Kama ulimwamini, ulimwacha lini, na kwa sababu gani hasa, hesabu au hasira? Na Kombo, ungemjibu nini? Wewe una watoto, mimi nina baisikeli tu.

Quintana yuko nyuma dakika 3 na sekunde 10. Kesho wanaingia Alpu, Jumamosi ni Alpe d'Huez. Mimi nasema Froome ataishika jezi ya manjano, ile ya anayeongoza, mpaka Paris. Wewe weka lako, tusije tukasikia baadaye kwamba ulijua tangu mwanzo.

Utakuja lini? Mama anasema Mfungo Tatu, Rama anasema umemwambia Desemba. Ukija niletee breki za nyuma seti mbili na tairi za njia ya lami, nyembamba, na cheni. Nitakulipa, wallahi. Cheni iwe ya gia nane, Swaleh. Mara ya mwisho ulileta ya tisa, ipo hapa imening'inia ukutani.

Wako,
Omari