Rudini uwanjani, na simu mje nazo: barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya maigizo

Wanangu,

Natumai barua hii inawakuta wazima na kazi zinaendelea. Nawaandikia nyote mliomo kwenye vikundi vya sanaa za maonyesho, mliosomea chuo cha sanaa Bagamoyo, mliosomea chuo kikuu Mlimani na mliojifunzia mtaani, kwa sababu kuna jambo linaninyima raha. Vikundi vinaacha kuigiza mbele ya watu, kimoja baada ya kingine. Mnarekodi kichekesho cha dakika mbili, mnakipakia, kisha mnakaa kuhesabu waliotazama. Sababu nazijua. Ukumbi ni wa kukodi, nauli za wasanii ni pesa, na watu wenyewe wanatoka kazini usiku. Simu haidai kodi ya ukumbi. Siwalaumu kwa hilo, na wapo miongoni mwenu wanaoigiza kwa ufundi ambao ningetamani kuuona jukwaani kila wiki.

Lakini igizo lina kazi ambayo klipu haiiwezi. Linawakusanya wenye tatizo moja mahali pamoja, wanaliona, wanalijadili huku wanatazamana usoni, na kesho yake bado ni majirani.

Mnaosoma sanaa hii mmesikia habari za Malya, ila nahofia mmezisikia kama swali la mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, kule Kwimba mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza, wakasikiliza. Miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wa shule na vijana waliokuwa hawana la kufanya. Waliolitengeneza igizo ni vijana wa palepale, kwa ngoma zao wenyewe, ikiwemo wigashe, ambayo Wasukuma huicheza wakiwa wamekaa. Baada ya onyesho watu walibaki kujadili.

Hebu lifikirieni suala hilo la mimba likitupwa mtandaoni leo. Komenti zitajaa kabla jua halijazama: mmoja anamtukana msichana, wa pili anawatukana wazazi, wa tatu anaweka vikaragosi vya kucheka. Wote wako mbali na kijiji hicho, na hakuna atakayekutana na binti huyo kisimani. Uwanjani mzazi, mwalimu na kijana wako pamoja. Akisema mtu neno, yupo anayemfahamu, na yupo wa kumjibu.

Niwape mfano niliouona kwa macho yangu. Tulikuwa tunaonyesha igizo katika kijiji kimoja cha pwani, juu ya mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Msanii aliyeigiza shemeji akafika kwenye maneno yake, "Ardhi hii ni ya ukoo." Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele akainuka, akamnyooshea kidole: "Muulizeni, kaka yake alipougua yeye alikuwa wapi?" Halikuwemo kwenye mswada. Msanii akamtazama mwongozaji, mwongozaji akamwashiria aendelee, naye akajibu akiwa bado ndani ya uhusika: "Nilikuwa safarini." Uwanja mzima ukamrudi: "Safari ya miezi sita?" Kuanzia hapo mchezo haukuwa wetu tena. Wazee wa ukoo waliokuwepo wakaanza kujitetea kana kwamba wametajwa kwa majina. Mtu mmoja akakumbusha kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, akaulizwa mbona baraza la ardhi la kijiji halikai. Mwenyekiti alikuwepo, na mbele ya watu wote ikabidi ataje siku ya kikao.

Hiyo ahadi ya mwenyekiti ndiyo kazi ya sanaa katika maisha ya umma. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil, aliifikisha mbali zaidi. Kwenye maonyesho yake mtazamaji aliruhusiwa kupanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine ya kutoka kwenye dhiki. Alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, aliyageuza mapendekezo yaliyozaliwa humo kuwa hoja barazani, na 13 kati ya hayo yakawa sheria. Sheria 13 zilizoanzia kwa watu waliokuja kutazama mchezo!

Msidhani wenye madaraka hawaujui uzito huu. Kamirithu, kule Limuru nchini Kenya, wakulima na vibarua walijijengea jukwaa la wazi, wakaigiza kwa Kikuyu maisha yao wenyewe. Mazoezi yenyewe yalifanyika hadharani, na wanakijiji walikuwa wakiwasahihisha waigizaji namna ya kusema na namna ya kushika jembe. Mwaka 1977 kibali cha mchezo kikafutwa. Kabla mwaka haujaisha, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake wawili, akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mtasema hayo ni ya zamani. Basi tazameni Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo ya shule, Nakuru. Wasichana wa shule ya Butere walifika na mchezo unaohusu vijana na utawala katika nchi ya kubuni. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuucheza. Mwandishi wa mchezo akakamatwa, mabomu ya machozi yakapigwa, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Mtandaoni wakati huo huo zilikuwepo video nyingi zenye maneno makali kuliko ya mchezo ule. Kilichoogopwa ni watoto wa shule kusimama mbele ya watu na kuyatamka. Tena kumbukeni: ni simu za waliokuwepo ndizo zilizowafanya watu wa Mombasa na Dar es Salaam wayajue yaliyowapata wale mabinti. Ndiyo maana siwaambii mziache simu nyumbani.

Kuna jambo jingine linalonifanya niwasihi zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Siku hizi sauti ya mtu inatengenezwa kwa akili mnemba, na uso wake unasemeshwa maneno ambayo hakuyasema. Video hiyo inaapa kwamba ni kweli. Igizo haliapi. Linawaambia watu tangu mwanzo kwamba huyu si mganga, ni fulani amevaa kaniki, na bado linawafikisha kwenye ukweli wanaoukwepa. Msanii yupo pale pale, ukimtilia shaka unamuuliza. Jamii isiyojua tena iamini nini inahitaji mahali pa namna hiyo.

Sasa niseme la fedha, maana najua ndilo linalowabana. Shirika linakuja na ujumbe wake umekwisha chapwa kwenye fulana, linataka igizo la dakika ishirini, picha za ripoti, basi. Watu wanakaa, wanaambiwa wanawe mikono, wanapiga makofi, wanaondoka. Hata sisi wa enzi za Azimio la Arusha tulikuwa na ngonjera za kusifu sera, na makofi yalikuwa mengi. Makofi hayo hayakumsaidia yeyote kuuliza kwa nini duka la kijiji halina sukari. Mkichukua pesa ya mfadhili, na mchukue, kwanza mkubaliane kwa maandishi kwamba nusu ya muda ni ya watazamaji, na kwamba atavumilia watakachosema. Akikataa, mwachieni fulana zake.

Kuhusu simu nawaomba mambo haya. Itumieni kuwaita watu: kundi la WhatsApp la mtaa linajaza uwanja haraka kuliko gari la matangazo. Igizo lirekodini siku ya mazoezi, mlipakie mkitaka, lipate watazamaji wake. Lakini mjadala ukianza, zimeni kamera. Mtu akiona kamera anaisemea kamera, na mwenye siri nzito hasemi kabisa. Yule mama wa mkekani angerekodiwa, kesho yake shemeji zake wa kweli wangeiona video hiyo huko waliko, na sisi tungekuwa tumeshapanda gari kurudi mjini. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Isomeni, ingawa hata isingekuwepo heshima ingetosha. Andikeni yaliyoamuliwa, siku na nani ameahidi nini, na baada ya mwezi mpigieni mwenyekiti kumuuliza yamefikia wapi.

Anzeni mtaani kwenu. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya kuomba uwanja, mkiwa na mswada na vibali vyenu, msije mkafukuzwa kwa jambo dogo. Chagueni saa kumi jioni Jumamosi. Na kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kaeni kwa mama lishe, kijiweni kwa bodaboda, msikitini na kanisani, mpaka mlijue linalowakera watu hawa kwa maneno yao wenyewe.

Kikundi chochote kitakachopanga onyesho la namna hiyo, kinitumie mswada. Nitausoma na kuurudisha na maoni ndani ya wiki. Mkihitaji mtu wa kuongoza mjadala siku ya kwanza, niiteni, nitakuja kwa nauli yangu.

Mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa sanaa za maonyesho