Mkataba umeisha, mbona klabu ya nje bado inasita kukusajili?

Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi 6. Wengi wanaishia hapo, wanajiona huru. Lakini ukivuka mpaka kabla hujamaliza mwaka unaotimiza miaka 23, klabu mpya inadaiwa fidia ya mafunzo, yaani malipo kwa klabu iliyokulea, mkataba uwe umeisha au haujaisha. Dili nyingi za vijana wetu zinafia hapo.

Hesabu inafuata gharama za mafunzo za klabu inayokuchukua, na kwa gharama hizo klabu zimepangwa makundi, la 1 hadi la 4. Klabu ya Ulaya ya kundi la 3 ni euro 30,000 kwa kila msimu uliolelewa. Kama klabu yako ilikulea misimu mitatu, tangu ukiwa na miaka 17, hiyo ni euro 90,000 kwa mchezaji anayeitwa huru! Kwa klabu ya Afrika ya kundi hilohilo ni dola 10,000 kwa msimu. Klabu ya kundi la 4 haidaiwi kitu.

Ukomo unahesabiwa kwa mwaka wa kalenda. Aliyezaliwa Machi 2004, fidia inamfuata hadi 31 Desemba 2027. Akidanganya kwamba kazaliwa 2006, inamfuata hadi mwisho wa 2029. Kupunguza umri kunakuongezea miaka miwili ya kufuatwa na fidia, mbali na adhabu ukigundulika.

Dawa ni barua ya klabu kusamehe fidia, na hapa ndipo watu wanakosea zaidi. Barua inayosema "tumemwachia, ni mchezaji huru" haitoshi, maana inahusu mkataba tu. Lazima itamke wazi kwamba klabu inasamehe fidia ya mafunzo, isainiwe na kiongozi mwenye mamlaka. Saini yako wewe haisamehi deni la klabu. Iombe wakati mnazungumzia kuvunja au kuongeza mkataba, klabu ikiwa bado inahitaji kitu kwako. Baada ya hapo utabembeleza.

Klabu ikitishia kuzuia ITC, hati ya uhamisho wa kimataifa, hadi ilipwe, usiogope. ITC haitolewi kwa masharti, na shirikisho lina saa 72 kujibu ombi. Fidia inadaiwa kwa njia yake. Na klabu iliyokuvunjia mkataba bila sababu ya haki haina fidia ya kudai, kwa hiyo tunza barua zote.

Ofisi yetu inapiga hesabu hiyo na kuandaa barua kabla dirisha halijafunguliwa. Njoo na mkataba, cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya mchezaji kutoka TFF, inayoonyesha kila klabu uliyosajiliwa tangu mwaka uliotimiza 12.