Kompyuta isiyokubali Windows mpya haijafa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wenye maduka ya uchapaji na walimu wakuu wa huku mkoani Dodoma, kuhusu kauli ambayo baadhi ya mafundi wetu wamezoea kuitoa haraka mno mteja anapowapelekea kompyuta ya zamani: "Hii imekufa."

Kauli hiyo imeongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta. Windows 11 iliyochukua nafasi yake hudai RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) isiyopungua gigabaiti 4, prosesa ya miaka ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kompyuta nyingi tunazonunua zikiwa zimekwisha kutumika kwingine hazina vitu hivyo. Kwa hiyo ni kweli kwamba hazikubali mfumo mpya wa kampuni moja, lakini hilo ni jambo jingine kabisa na kufa, na mteja anastahili kuambiwa ni lipi kati ya hayo mawili limempata.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nina steshenari ndogo Nkuhungu, na laptop ninayoitumia ni Dell ya zamani yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya gigabaiti 2. Asubuhi nilikuwa nikiiwasha, nafagia duka, namwaga maji mlangoni kutuliza vumbi, na nikirudi mezani nakuta kiduara bado kinazunguka. Fundi wa kwanza alitaka nimwachie kwa shilingi 20,000 aitoe spea. Wa pili alikuwa tayari "kunipigia window" kwa shilingi 15,000, naye hakuficha kwamba ni nakala isiyo na leseni. Nilirudi nayo nyumbani, nikafungua kifuniko cha chini, nikakuta vumbi jekundu la mji wetu limeshikana kwenye feni kama pamba ya godoro. Nililitoa kwa brashi ya rangi, na joto likapungua, ingawa uzito wa kufungua programu ulibaki palepale.

Ndipo nilipojaribu Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuutumia mfumo huo, kuunakili na kuugawa bila kulipa. Watu wengi wa hapa hudhani kitu cha bure lazima kiwe cha magendo, ilhali cha magendo ni ile Windows ya shilingi 15,000. Nilichagua Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye mwonekano wa Xfce, ambao hauli RAM nyingi. Faili lake linakaribia gigabaiti 3, kwa hiyo nililipakua usiku kwa bando la usiku, nikaliandika kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu maalumu ya kazi hiyo, kwa kuwa kulinakili tu kama unavyonakili picha hakutoshi kuifanya kompyuta iwakie kwenye flashi.

Jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike ni kwamba mfumo huu huweza kujaribiwa ukiwa kwenye flashi, kabla diski haijaguswa. Unawasha kompyuta, unabonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia (kwa Dell ni F12), kisha unakagua sauti, printa na intaneti. Kwangu Wi-Fi haikuonekana. Niliunganisha simu kwa waya wa USB, nikapata intaneti ya simu, na dakika chache baadaye kompyuta ikapakua programu iliyokuwa ikikosekana. Baada ya kuridhika nilihamishia mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, kwani usakinishaji niliouchagua hufuta kila kitu, nikasakinisha. Sasa kompyuta huwa imeshawaka kabla sijamaliza kufagia.

Sitaki kumdanganya mtu. Baadhi ya printa za bei nafuu hazina dereva (programu ya kuziendesha) ya Linux, na mwenye programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee asikurupuke kuhama. RAM ya gigabaiti 2 nayo haigeuki kuwa 8, hivyo ukifungua kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja itaganda tu. Mwenye uwezo abadilishe diski ya zamani aweke SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, kwa sababu hapo ndipo kasi huonekana zaidi. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, hufungua nyaraka za Word, lakini wasifu wa mwombaji kazi ulioandikwa kwa fonti ya Calibri ulikuwa ukihama mistari na kumwagika hadi ukurasa wa tatu, mpaka niliposakinisha Carlito, fonti ambayo herufi zake zina upana uleule.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu leseni huria iliruhusu kuitafsiri. Inasikitisha kwamba vijana wengi ninaowachapia kazi hawajawahi kuisikia.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba kabla ya kutamka kifo, wamwonyeshe mteja kompyuta yake ikiwaka kwa flashi, nao walipwe kwa kazi hiyo kama wanavyolipwa kwa nyingine. Kwa ofisi zinazoondoa kompyuta za zamani na shule ambazo zimezirundika stoo, naomba zifanye jaribio hilohilo kwanza, hata kwa mashine mbili tu. Flashi ninayo dukani, na atakayeleta kompyuta yake tutaiwasha aone mwenyewe kabla hajaamua, ila aje asubuhi, kwa maana mchana huwa kuna foleni ya wanaochapa barua za maombi ya kazi.

Mwenye steshenari,
Nkuhungu, Dodoma.