Shukrani kwa muuguzi wa Jumanne

Dada muuguzi, jina lako sikulishika, ila mikono yako naikumbuka. Hapa London nilikuwa sipandi basi bila kujua choo kiko wapi. Usiku nilikuwa naamka mara tano kukojoa. Dawa za kibofu zilinikausha mdomo tu. Wewe ulinichoma kisindano chembamba juu kidogo ya kifundo cha mguu, ukaunganisha umeme mdogo: dakika 30, kila wiki, wiki 12. Nilipouliza mguu na kibofu vinahusianaje, ulinichorea: mshipa wa fahamu ulio hapo kifundoni hupanda hadi sehemu ya chini ya uti wa mgongo, zinakotoka neva za kibofu. Wiki ya sita sikuona nafuu, nikalia. Ukanishika bega, ukasema tumalize zote. Sasa naamka mara moja. Ramadhani hii nimeswali tarawehe mpaka mwisho bila kutoka. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, dada yangu.