Barua kwa mwanangu: nafasi hiyo uliishinda

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Huku nyumbani sote wazima, na baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema wenzako wamejua kwamba unasomeshwa kwa ufadhili, na tangu hapo unakaa darasani kama mtu aliyeingizwa kwa kuonewa huruma. Limeniuma. Simu isingetosha, ndiyo maana nakuandikia.

Nataka umjue Paul Robeson, Mmarekani mweusi. Watu wanamkumbuka kwa uimbaji, na miaka ya 1930 akiwa London alijifunza hata Kiswahili chetu. Lakini leo nakutajia miaka yake ya chuo. Alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898. Baba yake, mchungaji William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma hadi akahitimu chuo. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto mwaka 1904, na mzee ndiye aliyemlea. Alikuwa mkali wa masomo: Paul akirudi na A tupu na B moja, swali lilikuwa juu ya ile B.

Mwaka 1915 ulifanyika mtihani wa kushindania ufadhili wa miaka minne katika chuo cha Rutgers, wazi kwa wanafunzi wa jimbo zima. Wenzake walikwisha kufanya sehemu ya kwanza mwaka mmoja kabla, iliyohusu miaka mitatu ya sekondari. Yeye hakuwa na habari nayo. Ikambidi ajibu maswali ya miaka yote minne kwa mkupuo. Akashinda! Sasa niambie, mwanangu, nani alimwonea huruma hapo? Nawe ulikaa kwenye chumba cha mtihani ukajibu mwenyewe. Karatasi ile hakukuandikia mtu.

Nisikudanganye kwamba ufadhili ulimwondolea dhiki. Alipofika Rutgers alikuwa mwanafunzi mweusi pekee, na wa tatu tu tangu chuo kianzishwe mwaka 1766. Alipokwenda kujaribiwa kwenye timu ya mpira wa Kimarekani, wachezaji wa chuo chake mwenyewe walimvunja pua na kumtegua bega. Akapona, akarudi uwanjani. Mwaka 1916 timu ya chuo kingine, Washington and Lee, ilikataa kucheza dhidi ya mtu mweusi, na Rutgers wakakubali kumweka nje. Hilo mimi siwezi kulisoma bila hasira, kwa sababu waliomtoa ni wale waliokuwa wakifaidika na nguvu zake. Msimu wa 1917, na tena 1918, alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa Marekani nzima.

Vitabu hakuviacha. Akiwa mwaka wa tatu aliingizwa Phi Beta Kappa, jumuiya ya wanafunzi waliofaulu kupita wengine. Mei 1918 baba yake alifariki, na siku chache tu baadaye yalikuwepo mashindano ya kuhutubia. Alikuwa amemwahidi mzee kwamba atashiriki. Akasimama na msiba wake kifuani, akahutubia, akashinda. Juni 1919, siku ya mahafali, ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wahitimu wenzake.

Kwa hiyo sitaki ukae kiti cha nyuma tena. Usipoelewa somo, nyosha mkono uulize. Saa za mwalimu za kuonana na wanafunzi ni zako kama zilivyo za yule anayelipiwa ada na wazazi wake. Na wakikuuliza nani anakulipia, wajibu bila kuinamisha uso.

Ile kazi ya kemia uliyosema imekushinda, ipeleke kwa mwalimu wiki hii, kisha unieleze amesema nini. Niambie pia kama koti la baridi linatosha, au baba yako atume fedha ununue jingine kabla ya Desemba.

Akupendaye daima,
Mama yako