Risala ya Kikundi cha Walioacha Pombe kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, wake zetu, waume zetu na watoto mliofika: Bwana Yesu asifiwe, Asalaam aleikum.

Mheshimiwa, tuanze na samahani. Kwenye ratiba uliyopewa, jina la msoma risala limeachwa wazi. Si uzembe wa katibu. Hapa tunaitana kwa majina ya kwanza tu, na linalosemwa humu halitoki. Leo tumefungua mlango kwa sababu wenzetu watatu wametimiza mwaka bila kuonja. Jumanne nyingine zote huingia wenye shida peke yao.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Ulianza Akron, Marekani, mwaka 1935. Dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa na miezi michache tu tangu aache, alikwama safarini na kiu ikampanda. Akaanza kupiga simu kutafuta mlevi wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Ndipo ukazaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous. Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha. Hakuna kiingilio, hakuna fomu, na hakuna anayeulizwa dini wala kabila.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kukaa kwenye kiti hiki si kazi. Kazi ni kuufikia mlango. Mimi ninayesoma niliusikia uchochoroni, kwa mtu aliyenong'ona kama anayeniuzia mali ya wizi. Jumanne ya kwanza nilifika nikaishia kibandani hapo ng'ambo, nikanunua vocha. Jumanne ya pili, vocha. Ya tatu mama wa kibanda akaniuliza, "Baba, hizo vocha unazila?" Kisha akaonyesha kwa kidevu: "Wenzako wako humo, wameshaanza." Alikuwa ameshawaona wengi wa namna yangu.

Nilipoingia hakuna aliyeniuliza kitu. Nilimiminiwa chai, lakini nusu kikombe. Nikasema moyoni, hawa nao wachoyo. Nilipokishika ndipo nikaelewa: mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na kikombe kikijaa kingenimwagikia mbele za watu. Aliyemimina alishapita hapo.

Hiyo mikono ina habari yake, na hapa naomba wake na waume zetu wasikilize. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kupata kifafa, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na wengine hufa. Mwenzetu mmoja alifungiwa chumbani na ndugu zake ili "imtoke". Siku ya pili akaanguka kifafa. Kwa hiyo anayeamka akitetemeka, sisi humpeleka kwanza kwa daktari, hospitali ya Mawenzi au KCMC, ndipo aje kwenye chai.

Mheshimiwa, unaijua Kilimanjaro. Mbege si kinywaji tu, ni adabu. Ndizi mbivu, ulezi na gome la msesewe vinakutana kwenye posa, kwenye kipaimara, kwenye msiba. Mzee akikunyooshea kata, utamwambiaje hapana? Wengi wetu husema tuko kwenye dozi, jambo ambalo kwa kweli si uongo. Desemba ndiyo mtihani wenyewe, ndugu wakipanda kutoka Dar es Salaam na kila ua una pipa. Mwezi huo simu zetu hazizimwi usiku. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, halafu baadhi yetu tukahamia gongo. Mfuko wa plastiki uliondoka, kiu ikabaki.

Na tusijisifu mno. Wapo waliokuja mara moja wakapotea. Yupo aliyerudi kunywa baada ya miezi minane, akarudi tena kwetu, na leo ndiye aliyepanga viti hivi.

Sasa maombi. Tunajua risala nyingi huishia kwenye bahasha, na huenda umeshaiandaa. Mheshimiwa, irudishe mfukoni. Kikundi kinajitegemea: kikapu kinapita, anayeweza anatoa, asiyeweza anakipitisha. Tunaomba mambo mawili tu. Zahanati na ofisi za kata zituruhusu kubandika karatasi moja yenye siku, saa na mahali, ili mtu asitegemee mnong'ono wa uchochoroni kama mimi. Zahanati moja ilituambia tangazo la walevi litachafua ukuta, na ukuta huohuo una tangazo la mganga wa kienyeji.

La pili ni chumba kidogo kwa ajili ya familia zetu. Mke wa mnywaji ana kidonda chake, na tangu 1951 ndugu wa wanywaji wana vikundi vyao, Al-Anon. Akina mama waliopo hapa wako tayari kuanza, ila hawataki kukutania sebuleni kwa mtu, majirani wakihesabu nani kaingia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hapa utaletewa chai na maandazi. Ukiona umemiminiwa nusu kikombe, usione tumekudharau. Anayemimina ameshazoea hivyo, na tumemwambia leo ajaze, lakini hatuna uhakika kama amesikia.

Tunaomba kuwasilisha.